Hancock ilivunjikia wapi hasa? Tunaandika hadithi yetu hapa Kirumba na tumekwama palepale

Nyamizi wa Kirumba

Habari za jioni wakuu. Nimeleta swali la muvi, lakini nyuma yake kuna kazi, kwa hiyo mwenye nafasi naomba anijibu kwa kina.

Muvi ni Hancock ya mwaka 2008, steringi ni Will Smith, muongozaji Peter Berg. Wengi mmeiona, kama si bandani basi kwenye basi la kwenda Dar. Nusu yake ya kwanza naipenda kuliko muvi yoyote ya supahiro niliyowahi kuitazama. Nusu ya pili inaniuma, maana walikuwa wameshika kitu kikubwa na wakakiacha kidondoke.

Kwa aliyesahau: yupo mtu Los Angeles anayeruka angani, risasi haimwingii, nguvu anazo za kusimamisha treni, na mji mzima umemchoka. Analala kwenye benchi barabarani, chupa zimemzunguka. Mtoto anamwamsha kumwambia kuna majambazi wanakimbizana na polisi. Anaruka hivyohivyo amelewa. Majambazi anawakamata kweli, lakini njiani amevuruga barabara na magari ya polisi, na gari la majambazi anakwenda kulichomeka kwenye ncha ya jengo la Capitol Records. Taarifa ya habari inataja hasara ya dola milioni 9. Hakuna anayempigia makofi.

Halafu linakuja tukio la treni, ambalo kwangu ndilo roho ya muvi nzima. Ray, jamaa wa kusafisha majina ya makampuni, gari lake limenasa relini katikati ya foleni, mbele gari, nyuma gari. Treni inakuja. Hancock anatua, analitupa gari la Ray pembeni likaangukie magari ya watu, kisha anaisimamisha treni kwa mwili wake. Mabehewa yanaruka reli. Ray mzima, na pale palipokuwa na foleni sasa pana chuma kilichokunjwakunjwa. Watu wanamzunguka Hancock kwa hasira, na mmoja anamuuliza kwa nini hakuliinua tu gari juu. Swali la kawaida kabisa, na Hancock hana jibu.

Pale nilikaa vizuri kwenye kiti. Maana swali ni la kweli hata huku kwetu: mtu akikuokoa kwa namna iliyokugharimu kuliko hatari yenyewe, wewe unamdai au yeye anakudai?

Sasa kazi yetu. Tupo kikundi cha vijana, tunaandika muvi fupi ya hapahapa Mwanza, Ziwa Victoria. Binti anaitwa Kabula, mama yake anachuuza dagaa mwaloni, yaani pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki. Kabula akitia mikono majini, ziwa linatulia. Upepo ukiamka usiku na mitumbwi ya dagaa iko mbali na taa zake, yeye anaweza kuituliza njia watu wakarudi wazima. Lakini maji aliyoyatuliza yeye, dagaa wanayakimbia. Wanashuka chini, hawapandi tena kwenye taa mpaka giza lile liishe. Waliokulia mwaloni wanajua uzito wake. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inakaa nchi kavu, kwa hiyo giza likiharibika mwezi mzima umeharibika. Kabula anaokoa watu wanne wa mtumbwi mmoja na kambi nzima inakosa. Wanaanza kumkwepa. Tajiri mmoja anataka yeye na mama yake wahamishwe mwaloni.

Mpaka hapo kikundi kizima tunakubaliana. Ugomvi uko mbele. Wenzangu wanataka katikati ya hadithi Kabula agundue yeye si binadamu wa kawaida, ni uzao wa viumbe wa ziwani wa miaka elfu, na mke wa yule tajiri ni mwenzake wa tangu zamani aliyekuwa amejificha. Nikawaambia hiyo ni Hancock tupu, na hapo ndipo Hancock ilipofia. Wakanijibu: tuonyeshe ilipofia, maana muvi ilipendwa.

Ndiyo swali langu. Ilivunjikia wapi? Naomba mnitajie tukio lenyewe. Kusema tu nusu ya pili haifai, hilo nimeshalisema mwenyewe.

Masalu Video, Igoma

Dada Nyamizi, mimi naendesha banda la video Igoma kwa muda mrefu. Nitakujibu kwa ninachokiona mlangoni, maana mimi nakaa mlangoni, skrini naiona kwa ubavu na watu nawaona kwa uso.

Mtu akichoshwa na muvi hasemi. Anamgeukia jirani kuuliza matokeo ya mpira. Mwingine anatoka kununua karanga, anaacha pazia wazi, mwanga unaingia, wa mbele wanalalamika. Pazia ndilo linaloniambia. Muvi ikishika watu, pazia halitikisiki hata kama mtu amebanwa haja.

Kwenye Hancock wengi husema muvi iliharibika jikoni. Usiku ule Hancock amemrudisha Ray nyumbani amelewa, amemlaza, amebaki na Mary mke wa Ray jikoni, wanakaribiana, na ghafla Mary anamrusha Hancock anatoboa ukuta. Kumbe naye ana nguvu. Mimi nakwambia pale banda linalipuka. Watu wanasimama, mabenchi yanagongana, wanapigana mabega. Hakuna anayetoka. Kwa hiyo sikubali kuwa jikoni ndipo ilipofia.

Pazia linaanza kucheza baadaye, hospitalini. Hancock amepigwa risasi dukani na safari hii imemwingia, amelazwa, na Mary anakaa pembeni ya kitanda anaanza kusimulia. Kwamba waliumbwa wawiliwawili, kwamba wakikaa pamoja nguvu zinawatoka wanakuwa watu wa kawaida, kwamba kovu hili lilitokea enzi hizi na lile enzi zile. Yote kwa mdomo. Watu wangu wanaanza kuulizana: mbona walipigana mjini barabara nzima, vimbunga vinavuma, na hakuna aliyechoka? Swali hilo nimelisikia kutoka kwa watu ambao hawajawahi kukutana. Sharti kubwa la muvi linaletwa kwa maneno, dakika za mwishomwisho, na linapingana na walichokiona kwa macho muda mfupi uliopita.

Na jingine: adui hayupo. Bandani kila mtu anajua steringi ana adui wake, na adui lazima umchukie mapema. Hapa adui wa mwisho ni Red, yule jambazi wa benki aliyekatwa mkono. Anaporudi hospitalini kulipiza kisasi, nusu ya banda wanauliza huyu nani. Walishamsahau, kwa sababu benki aliletwa kuonyesha Hancock amebadilika, kazi yake ikaisha. Huwezi kumchukua mtu wa kazi ndogo ukamkabidhi mwisho wa muvi.

Tajiri wenu wa mwaloni mtunzeni. Huyo adui anaeleweka, ana sababu.

Mwalimu wa Fasihi, Ukerewe

Nyamizi, nafundisha sekondari huku Nansio. Masalu ameeleza vizuri dalili, ila mimi chanzo nakiona nyuma zaidi, kabla ya jikoni. Muvi ilivunjikia benki.

Fuata mtiririko. Ray anamshawishi Hancock akubali kwenda jela, mji ukimkosa utamtaka. Hancock anasoma mbele ya waandishi karatasi ya kuomba radhi aliyoandikiwa na Ray. Anakwenda jela. Uhalifu unapanda, mkuu wa polisi anampigia simu. Anatoka na nguo mpya iliyombana, anatua kwa uangalifu, anawaambia polisi kazi nzuri kama alivyofundishwa. Ni ujambazi wa benki, na kuna askari wa kike ameumia, yuko katikati ya risasi. Hancock anamwomba kwanza ruhusa ya kumgusa, ndipo anambeba. Anamaliza suala la mateka, anatoka nje, umati unampigia makofi.

Ni tukio zuri, na lile la kuomba ruhusa ni dogo lakini limebeba mabadiliko yote ya mtu yule. Tatizo ni kwamba limefunga mgogoro. Swali ulilolitaja, nani anamdai nani, linajibiwa na makofi, na muvi bado ina safari ndefu mbele. Ukisuluhisha mgogoro katikati ya kazi, huna budi kutafuta mwingine, na mwingine walioupata ni Mary. Kwa hiyo Mary si aliyeua. Aliitwa kuja kuziba pengo.

Sasa angalia waliobaki bila kuulizwa. Yule mwenye gari lililoangukiwa na gari la Ray pale relini. Wale wa mashua iliyogongwa na nyangumi, maana kuna video Ray anamwonyesha Hancock, nyangumi amekwama ufukweni, Hancock anamrusha baharini anatua juu ya mashua. Watazamaji hucheka pale. Lakini mwenye mashua yuko wapi siku Hancock anasoma karatasi? Hakuna hata mmoja kati ya walioumizwa anayerudi na jina na sura. Muvi ilituahidi deni, halafu ikamwachia mtu wa matangazo alilipe kwa maneno mazuri.

Kuna jambo kubwa zaidi lililopita mbele yao wasilione. Mji ulimsamehe kwa sababu ulimhitaji. Msamaha wa shida si msamaha wa moyo. Mtu aliyesamehewa kwa sababu hana mbadala anaishije na watu wale? Na watu wanamtazamaje siku akikosea tena? Nusu nzima ya pili ingetosha hapo, bila kumtafuta mtu wa miaka elfu tatu.

Nasoma Nyegezi

Kwa nyongeza tu, maana tumeijadili darasani. Hadithi ya kwanza iliandikwa na Vincent Ngo mwaka 1996, ikiwa nzito na ya giza kuliko iliyokuja kutoka. Baadaye Vince Gilligan aliiandika upya. Waongozaji waliohusishwa nayo ni wengi kabla haijamfikia Peter Berg, akiwamo Tony Scott na Michael Mann, na Mann akabaki kama mtayarishaji. Miaka kama 12 toka karatasi hadi sinema. Ukiitazama ukijua hilo, unaona vidole vya watu tofauti. Tukio la treni na tukio la hospitali hayakutoka kwenye kichwa kimoja.

Baba Koku, Pasiansi

Mimi napingana nanyi wote, kwa heshima.

Kwanza muvi iliyogharimu dola milioni 150 ikarudisha zaidi ya milioni 600 duniani kote haijavunjika. Watu walitoka wakaenda kuwaita wenzao.

Pili, na hili ndilo lililonitoa kimya, mnaidharau sehemu ya mapenzi na ndiyo yenye uchungu kuliko zote. Kumbukeni Hancock anachowasimulia Ray na Mary mezani, jioni ile ya kusherehekea baada ya benki. Aliamka hospitali ya Miami, miaka 80 nyuma, fuvu limepasuka, hakumbuki jina lake. Mfukoni ana tiketi mbili za sinema, za kwenda kuona Frankenstein. Tiketi mbili. Maana yake alikuwa na mtu. Na hakuna aliyekuja kumwulizia. Anasema lazima alikuwa mtu mbaya sana, hata asitokee mtu mmoja wa kumdai.

Mimi nilikaa hospitali ya Bugando namuuguza ndugu yangu. Pale wodini nilimwona mgonjwa ambaye saa ya kuona wagonjwa ikifika, anageukia ukutani ili asiangalie mlango. Tukio lile la tiketi lilinigusa mahali ambapo treni haikufika.

Kwa hiyo ulevi wake una sababu. Anaokoa watu vibaya kwa sababu anaamini hakuna aliyewahi kumtaka. Halafu anakuja kujua kwamba alikuwepo wa kumtaka, na aliondoka ili yeye apone, kwa kuwa wakiwa pamoja wanakuwa dhaifu na adui zao wanawawahi. Nusu ya kwanza na ya pili zimeungana hapo. Aliyezikata ni haraka ya kusimulia, wazo lenyewe lilikuwa zima.

Na Mwalimu, kuna kitu nawe hukukitaja. Mary anasimulia kwamba mwaka 1850 nyumba yao ilichomwa moto. Kule Miami walikuwa wanavuka barabara wameshikana mikono, wakavamiwa kichochoroni. Mwanamume mweusi na mwanamke mweupe, Marekani ya miaka ile. Muvi inapita hapo mbiombio bila kusema kwa nini walivamiwa. Mimi ningependa waingie hapo wasitoke.

Nyamizi wa Kirumba

Nimesoma zote kwa makini, ahsanteni sana.

Baba Koku, umenitikisa kwenye tiketi. Nimerudi kuitazama sehemu ile jana usiku kwa sababu yako. Ni kweli, na ukiangalia uso wa Mary pale mezani anafuta machozi kabla mtu hajajua lolote. Hata chakula cha kwanza nyumbani kwao, Mary anamwangalia Hancock kwa namna isiyo ya mgeni. Kwa hiyo wazo la Mary lilipandwa, nakubali.

Lakini tazama lilipopandwa tiketi. Ni baada ya benki. Mwalimu ameshatuambia benki ndipo swali la kwanza lilipofungwa. Tiketi zinatolewa mfukoni wakati nyumba ya kwanza imeshafungwa mlango. Ingekuwa tunaziona siku ileile ya benchi, mlevi amelala na tiketi mbili zimekunjwa mfukoni, mtoto anamwamsha zinadondoka, anaziokota kabla ya kuruka, basi treni na tiketi vingetembea pamoja muvi nzima. Kila alipobomoa tungejua anabomoa akiwa na nini moyoni. Waliziweka mbalimbali, na ndiyo maana Masalu anaona pazia linacheza.

Na hiyo ya 1850 na Miami, naamini kabisa. Ni watu waliowindwa kwa sababu walishikana mikono, na bado tunaambiwa tu kwamba wana maadui tangu enzi. Walioshika mwenge 1850 wangekuwa na sura, Red asingehitajika.

Mwalimu, hoja ya msamaha wa shida nimeiandika kwa kalamu nyekundu ukutani kwetu. Kambi ikimrudishia Kabula heshima kwa sababu upepo umeamka tena, hiyo si amani.

Naomba mwenye kujua mwaloni vizuri anisaidie bado. Nataka gharama ya Kabula iwe ya kweli, isiwe ya muvi.

Mama Dagaa Mwaloni

Mwanangu Nyamizi, muvi hiyo sikuiona yote, vijana wangu ndio waliiweka nyumbani. Ila mwaloni naujua.

Mnaandika wavuvi ndio wanaumia. Wavuvi wanaumia, sikatai, lakini wa kwanza kuumia ni mwanamke aliyekwisha kumpa tajiri hela kabla mtumbwi haujaingia majini. Mimi natanguliza hela ili alfajiri nipate ndoo zangu. Dagaa wasipopanda, hela yangu iko majini. Tajiri ataniambia ngoja giza lijalo. Na mimi kikoba wananisubiri, siwezi kuwaambia ngojeni giza lijalo.

Kingine, wakati mwingine dagaa wanapatikana na bado tunapata hasara. Tumewaanika kwenye mchanga, mvua inakuja ghafla, wanaloa, rangi inageuka. Hao sasa ni dagaa wa kuku, bei inashuka hata hutamani kuitaja. Kwa hiyo usidhani hasara ya mwaloni ina sura moja.

Sasa fikiria: mume wangu ni mmoja wa hao wanne aliowaokoa Kabula. Amerudi mzima, nimemkumbatia, nimemshukuru Mungu. Asubuhi yake nakwenda kwa tajiri, hela hakuna. Nitamwendea Kabula na maneno gani? Hapo mwandike vizuri.

Nyamizi wa Kirumba

Mama, shikamoo. Maneno yako yamenipa tukio zima. Mke wa mvuvi aliyeokolewa anakuja kwa mama yake Kabula, wote wawili wachuuzi, wanajuana, wamewahi kudhaminiana kikobani. Anashukuru. Halafu anakaa, haondoki. Mama Kabula anajua kwa nini haondoki. Hiyo ndiyo treni yetu.

Ngosha wa Misungwi

Binti yangu, ngoja mzee naye aseme.

Sisi huku Usukuma hatukungoja Los Angeles kupata mtu wa nguvu. Ng'wanamalundi mnamjua. Alielekeza kidole, mti ukakauka. Hivyo ndivyo tulivyosimuliwa, na tulisimuliwa jioni baada ya kula, na bibi yangu ndiye alikuwa fundi wa kusimulia.

Nimekumbuka jinsi alivyosimulia. Alikopata dawa alikutaja kwa sentensi moja, akapita. Muda wote aliutumia kwa watu. Ng'wanamalundi anakuja kijijini kucheza ngoma, watu wanamkimbilia kwa sababu hakuna achezaye kama yeye, na watu haohao wanachunga mkono wake uko wapi. Kinamama wanawavuta watoto nyuma. Kama anamwelekeza mtu njia, anaielekezaje bila kidole? Akikasirika ngomani itakuwaje? Sisi watoto tulikuwa tunaficha vidole chini ya blanketi. Nguvu moja, hofu moja, kutoka mwanzo hadi mwisho, na bibi hakuwahi kuleta mtu mwingine mwenye kidole katikati ya hadithi.

Mimi nadhani hao wa Hancock walikuwa na kidole chao, yaani msaada unaobomoa, wakakiacha katikati. Baada ya benki, Hancock hambomolei mtu kwa bahati mbaya tena. Anapigana na Mary mji unaharibika, lakini hakuna anayemwambia tena chochote. Wenye mji wametoweka kwenye hadithi. Mwanzo walikuwa wanapiga kelele kila dakika, mwisho wanakuwa watu wa kukimbia tu.

Kwa hiyo waambie wenzako wakitaka Kabula awe uzao wa ziwani, sawa, waseme kwa sentensi moja. Ila wakimleta mwenzake wa kale, watu wa mwaloni watanyamaza, na wakinyamaza hadithi imekwisha hata kama karatasi zipo.

Nyamizi wa Kirumba

Shikamoo mzee, na wabeja sana.

Sasa nina jibu la kuwapelekea wenzangu, na ni hili: Hancock ilivunjikia pale watu wa mji walipoacha kuzungumza. Benki wanapiga makofi, baada ya hapo hakuna raia hata mmoja mwenye neno. Jikoni, hospitali, Red, yote yalikuja kujaza ukimya huo. Mwalimu yuko sahihi kuhusu mahali, Masalu yuko sahihi kuhusu lini watu wanaanza kuhisi, Baba Koku yuko sahihi kwamba kilicholetwa kujaza kilikuwa na thamani yake na kilistahili kuletwa mapema.

Kwa Kabula tunafanya hivi. Mke wa tajiri anabaki mke wa tajiri, hana nguvu yoyote, ana daftari la madeni. Asili ya Kabula inatajwa na mama yake mara moja, usiku, akichambua dagaa, na hairudiwi. Benki yetu, yaani siku kambi nzima inampigia Kabula makofi, tunaiondoa katikati. Kama itakuwepo itakuja mwisho, na yule mwanamke wa kikoba atakuwa amesimama palepale kwenye umati, hela yake bado haijarudi, na kamera itabaki naye.

Wapo watakaokataa kikundini, najua, hasa aliyeandika viumbe wa ziwani, maana ameandika vizuri na amejituma. Nitamwomba sauti ile nzuri aliyowapa viumbe aiweke kwa wavuvi wanne usiku wa upepo.

Masalu, nina ombi. Tunataka kuisoma skripti mbele ya watu kabla hatujatafuta kamera, tuone wanatoka wapi. Unaweza kutupa banda?

Masalu Video, Igoma

Njooni Jumamosi saa nne asubuhi, muda huo mpira haujaanza. Waleteni watu wa mwaloni, msije na marafiki zenu peke yao, hao watawasifia. Mama Dagaa naye aje, kiti cha mbele ni chake. Umeme nitalipa mimi, mabenchi mtapanga wenyewe. Nami nitakaa mlangoni kama kawaida, nikiandika ni ukurasa upi mtu wa kwanza ametoka.